Kuajiri Mafundi wa Vituo vya Data Nchi za Nordiki: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tangazo Hadi Zamu ya Kwanza ya Usiku

Usiku mmoja wa Februari, kaskazini mwa Uswidi, pampu ya maji ya kupozea ilisimama katika kituo cha data tulichokuwa tukikihudumia. Nje kulikuwa na nyuzi 27 chini ya sifuri, ndani joto la seva lilishaanza kupanda. Zamu ilikuwa na watu wawili. Mmoja niliyemwajiri mimi mwenyewe kwa fahari: shahada ya kompyuta, vyeti vya mitandao kurasa mbili. Mwingine alikuwa mama wa miaka 52 aliyetumikia kiwanda cha karatasi kwa miaka 20, na mwenzangu wa ofisini ndiye aliyempigania apate kazi huku mimi nikisitasita. Kijana alikaa mbele ya skrini akitafuta tatizo. Mama alichukua tochi akaenda kusikiliza. Kwa sauti tu alijua ni valvu iliyokwama, akafungua njia ya pili ya maji kwa mkono kama utaratibu ulivyoandikwa, kisha akampigia msimamizi simu. Hakuna seva iliyozimika.

Tangu siku hiyo ninaajiri kwa namna nyingine, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa. Ninamwandikia anayeajiri: ofisa rasilimali watu wa mkandarasi kule Stockholm au Helsinki, msimamizi wa zamu aliyeambiwa ghafla atafute watu wanane, au wakala wa Nairobi na Dar es Salaam aliyeombwa mafundi na hajui aanzie wapi. Anayetafuta kazi naye atajifunza anapimwa kwa kipi.

Hatua ya 1: Andika kazi yenyewe, cheo baadaye

Kituo cha data ni mtambo wa umeme na wa kupoza kabla hakijawa nyumba ya kompyuta. Asiyelielewa hili huandika tangazo la "mtaalamu wa TEHAMA" kisha hushangaa maombi 200 hayana mtu hata mmoja anayeweza kugusa jenereta.

Gawa kazi hivi. Wapo mafundi umeme, wanaoshughulikia transfoma, swichi za msongo wa kati, mitambo ya UPS (inayoshikilia umeme kwa dakika chache gridi ikikatika) na betri zake, hadi jenereta za dizeli. Wapo mafundi wa kupoza: pampu, feni, majokofu makubwa na mabomba. Kundi hili linazidi kutafutwa kwa sababu huku joto la seva halitupwi ovyo. Odense, Denmark, joto la kituo cha Meta, wenye Facebook, huingizwa kwenye mabomba yanayopasha nyumba za mji joto, na kule Ufini, Microsoft na kampuni ya nishati ya Fortum walitangaza mwaka 2022 mpango wa namna hiyo kwa Espoo na miji jirani. Fundi anayejua mashine za kunyanyua joto na mifumo ya kupasha miji joto ni dhahabu. Kisha wapo mafundi wa seva, ambao hubadilisha diski, hufunga raki (makabati ya seva) na kuvuta nyaya za faiba. Wapo waendeshaji wa chumba cha udhibiti. Na wapo wahandisi wa kupima na kukabidhi mitambo kabla kituo hakijaanza kazi. Hao ni wachache mno, na huhama kutoka mradi hadi mradi kama ndege wa msimu.

Kwa kila nafasi andika ukurasa mmoja wenye mambo matatu: atafanya nini wiki ya kwanza, atafanya nini usiku akiwa na mwenzake mmoja tu, na ni hitilafu zipi tatu ambazo lazima aweze kuzikabili bila kusubiri mtu. Ukishindwa kuzitaja hizo hitilafu tatu, hujaielewa nafasi. Rudi ukaongee na mafundi waliopo.

Tenganisha pia ujenzi na uendeshaji. Wakati wa ujenzi eneo hujaa mamia ya watu, pengine zaidi ya elfu. Kituo kikishawashwa hubaki sehemu ndogo tu. Usimwahidi fundi wa ujenzi kazi ya kudumu ambayo haipo. Habari hizo husambaa haraka, maana mafundi hawa wanajuana.

Hatua ya 2: Soma mahali kabla ya kusoma wasifu

Hatua hii wengi huiruka, na mimi ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Vituo vikubwa vya Nordiki, yaani Uswidi, Norwei, Denmark, Ufini na Iceland, vilifuata umeme wa uhakika, baridi na ardhi, kwa hiyo vingi viko mbali na miji mikuu. Facebook ilifungua kituo chake cha kwanza nje ya Marekani mjini Luleå, mwaka 2013, kwenye umeme wa maji wa mto Lule. Google ilinunua kiwanda cha karatasi cha Summa pale Hamina, Ufini, mwaka 2009, na mwaka 2011 kikaanza kazi kama kituo cha data kinachopozwa kwa maji ya bahari, kikitumia handaki la maji la kiwanda kilekile. Katika sehemu za namna hii huwezi kuweka tangazo Jumatatu na kupata watu Ijumaa. Lakini kila sehemu ina historia yake ya kazi, na ndani ya historia hiyo wamo watu unaowatafuta.

Ufini tafuta watu wa karatasi. Viwanda vimefungwa kimoja baada ya kingine. Veitsiluoto pale Kemi kilifungwa mwaka 2021. Kajaani kiwanda cha karatasi kilifungwa mwaka 2008, na kwenye majengo yake leo kuna kompyuta kuu ya LUMI, iliyozinduliwa mwaka 2022. Fundi wa karatasi anajua pampu, mota kubwa, mvuke na zamu za usiku. Anachokosa ni lugha ya seva, na hiyo utamfundisha kwa miezi mitatu. Kajaani kuna pia chuo cha sayansi tumizi, KAMK, kinachofundisha uhandisi wa vituo vya data. Nenda ukazungumze na wanafunzi kabla hawajamaliza.

Denmark kuna fani inayoitwa maskinmester. Kwa asili ni mhandisi wa mitambo ya meli, lakini mafunzo yake yanaunganisha umeme, injini, upozaji na usimamizi, na wengi wao siku hizi hufanya kazi nchi kavu. Ukiajiri kwa ajili ya Odense, Viborg au Fredericia, anza na hawa. Fredericia kuna chuo chao palepale. Mtu aliyekaa baharini na injini mbili bila duka la vipuri karibu hahitaji kufundishwa utulivu.

Norwei, upande wa Stavanger, utakutana na watu wa mafuta. Kituo cha Green Mountain pale Rennesøy kimo ndani ya mlima uliokuwa ghala la silaha la NATO, nacho hupozwa kwa maji ya fjordi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Lefdal nako, kaskazini zaidi, wametumia mgodi wa zamani. Hutashinda mshahara wa jukwaa la mafuta, usijaribu. Ila mfanyakazi wa baharini hukaa wiki mbili mbali na nyumbani, na anapofika miaka 40 akiwa na watoto wadogo, kulala kitandani kwake kila siku kuna thamani ambayo hakuna posho inayoilipa. Hilo liseme waziwazi kwenye tangazo.

Kaskazini mwa Uswidi ushindani ni mkali: migodi ya LKAB, chuma cha SSAB, na mradi wa chuma wa Stegra huko Boden, wote wanataka mafundi umeme walewale. Lakini Machi 2025 kampuni ya betri ya Northvolt ilitangaza kufilisika Uswidi, na maelfu ya watu wa Skellefteå wakabaki bila kazi, wengi wao wageni wenye vibali. Sheria ya Uswidi humpa aliyepoteza kazi akiwa na kibali cha kazi miezi michache tu kupata mwajiri mwingine. Mtu wa namna hiyo amezoea baridi, amefundishwa usalama wa viwandani, na muda unamkimbia. Kampuni inayojibu barua kwa wiki mbili badala ya nane inaweza kuokoa maisha ya familia nzima na ikajipatia fundi mzuri kwa wakati uleule. Ninasema hivi kwa sababu nimeona wazuri wakiondoka nchini huku fomu zao zikisubiri saini ya meneja aliyekuwa likizo.

Iceland ina watu chini ya 400,000, na viyeyusho vya alumini navyo vinataka mafundi umeme. Ukiajiri kwa ajili ya Keflavik, tangu mwanzo panga kuleta watu kutoka nje.

Hatua ya 3: Hesabu siku ukirudi nyuma

Chukua tarehe ambayo fundi lazima asimame zamu peke yake. Tuseme ni tarehe 1 Oktoba.

Ondoa miezi miwili ya mafunzo na kufuatana na mwenzake: lazima aanze 1 Agosti. Ondoa notisi. Norwei miezi mitatu ya notisi ni ya kawaida, na Uswidi nayo mikataba mingi hufika hapo. Umeshafika 1 Mei, na kabla ya siku hiyo barua ya kuacha kazi inapaswa kuwa mezani kwa mwajiri wake wa zamani. Ondoa wiki sita za tangazo na usaili: katikati ya Machi. Kama ni mtu wa nje ya Ulaya, ongeza muda wa kibali, kuhama na kupata nyumba.

Kisha kumbuka Julai. Uswidi, Ufini na Norwei karibu zote huenda likizo mwezi huo, na anayeweza kusaini hayupo. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga usaili wiki ya pili ya Julai. Kati ya watu sita alitokea mmoja, na hata msimamizi wetu aliyetakiwa kumuuliza maswali alikuwa kwenye nyumba yake ya kando ya ziwa.

Hatua ya 4: Mshahara na mkataba wa hali bora

Hakuna nchi ya Nordiki yenye kima cha chini cha mshahara cha taifa kilichowekwa na sheria. Mishahara huwekwa na mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, ingawa Ufini, Norwei na Iceland zina taratibu za kuifanya baadhi ya mikataba hiyo iwabane waajiri wote wa sekta. Kwa hiyo, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, uliza: ni mkataba gani unaohusu kazi hii? Fundi umeme anaweza kuwa chini ya mkataba mmoja na fundi wa seva chini ya mwingine, katika jengo lilelile. Mkataba huo ndio utakaotaja nyongeza ya usiku, ya wikendi, ya kukaa tayari kuitwa nyumbani, na malipo ya uzeeni. Mwombaji mwenyeji huujua. Mgeni haujui, na hapo ndipo baadhi ya waajiri humpunja. Nakusihi usiwe mmoja wao. Mpe nakala, mpe jina la chama, mwambie anaruhusiwa kujiunga.

Panga zamu ukiheshimu saa 11 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Zamu za saa 12 hupendwa na wengi kwa sababu ya siku za mapumziko zinazofuatana, lakini zinataka watu wa kutosha. Kila kundi likikosa mtu mmoja, wengine huanza kuchoka, na fundi aliyechoka mbele ya swichi ya msongo wa kati ni hatari kwake na kwa mwenzake.

Hatua ya 5: Tangazo

Weka tangazo pale wanapotazama mafundi. Uswidi ni Platsbanken ya idara ya ajira, Norwei ni tovuti ya NAV, idara ya ajira ya huko, Denmark ni Jobnet, Ufini ni Työmarkkinatori, na kwa Ulaya nzima ni EURES. Uswidi, kama unafikiria kuleta mtu kutoka nje ya Ulaya, tangazo lazima liwe wazi kwa waombaji wa Umoja wa Ulaya, Eneo la Kiuchumi la Ulaya (EEA) na Uswisi kwa siku 10 au zaidi kabla hujampa mgeni ahadi ya kazi. Hifadhi ushahidi wa tarehe.

Ndani ya tangazo sema ratiba ya zamu, umbali kutoka mjini, kama basi lipo usiku, na lugha ya kazi. Usiandike "Kiswidi fasaha" kwa mazoea tu. Jiulize: je, maelekezo ya dharura yako kwa Kiswidi? Je, wakandarasi wa usiku wanaongea Kiingereza? Kama jibu ni kwamba Kiingereza kinatosha kwa mwaka wa kwanza, andika hivyo, na utaongeza idadi ya waombaji maradufu.

Hatua ya 6: Vyeti, kila nchi na kanuni zake

Hapa ndipo fedha hupotea. Fundi bora anaweza kufika akazuiwa kugusa bodi ya umeme kwa sababu ya karatasi.

Norwei, fundi umeme aliyesomea nje lazima sifa zake zitambuliwe na DSB, mamlaka ya usalama wa raia, kabla hajafanya kazi kama fundi kamili. Anza maombi hayo siku uliyompa kazi, usingoje afike. Uswidi mfumo ni tofauti. Tangu Julai 2017 kampuni ndiyo inayosajiliwa na Elsäkerhetsverket, mamlaka ya usalama wa umeme, inakuwa na fundi umeme mwenye leseni, na mafundi wengine hufanya kazi chini ya mpango wa kampuni wa kujikagua. Maana yake fundi wa kutoka nje anaweza kuanza bila leseni yake binafsi, mradi mpango huo unamhusu na ujuzi wake umethibitishwa kwa maandishi. Ufini mamlaka ni Tukes, na kila anayefanya kazi za umeme hupitia mafunzo ya usalama ya SFS 6002, yanayorudiwa kila baada ya miaka 5. Denmark kampuni ya umeme huidhinishwa na mamlaka ya usalama, Sikkerhedsstyrelsen.

Mafundi wa kupoza wana jambo lao. Gesi za majokofu zinasimamiwa na kanuni ya Ulaya namba 2024/573, na anayefungua mzunguko wa gesi lazima awe na cheti. Cheti cha Kenya au Tanzania hakikubaliki moja kwa moja, hata kama fundi ameishika kazi hiyo miaka 15. Panga mtihani, mlipie, na kwa wiki zile za kwanza mpe kazi za pampu na feni.

Kadi ndogondogo za eneo la ujenzi, kama ID06 ya Uswidi na HMS ya Norwei, ni haraka na nafuu, ila bila hizo mtu haruhusiwi kuingia eneo la kazi.

Hatua ya 7: Usaili

Mimi hufanya sehemu tatu, na mafundi wenyewe wa zamu huwa ndani ya chumba. Ofisi peke yake haitambui fundi.

Sehemu ya kwanza ni swali moja: "Tueleze kosa ulilolifanya wewe mwenyewe kwenye mtambo." Ninayemtafuta hutaja kosa kwa jina, hutaja lililofuata, na husema alibadilisha nini. Anayesema hajawahi kukosea hajafanya kazi au hatasema ukweli saa nane za usiku. Lakini hapa kuna jambo la kwetu ambalo wasaili wa Nordiki hawalijui. Kijana aliyefanya kazi Thika au Tanga huenda alifundishwa kwamba kukiri kosa ni kujifukuzisha kazi. Ukimuuliza hivyohivyo atanyamaza, au atatoa jibu la kujisitiri, na msaili ataandika "hajiamini". Mweleze kwanza: hapa kosa linaloripotiwa halimfukuzishi mtu, linalofichwa ndilo linalomfukuzisha. Mpe dakika mbili afikiri. Majibu hubadilika kabisa.

Vivyo hivyo na heshima. Huku mkurugenzi huitwa kwa jina lake la kwanza, na fundi anatarajiwa kumwambia "hapana, hilo si salama". Mwombaji wetu hukaa wima, hujibu kwa ufupi, hamkatizi mkubwa. Si mtu asiye na mawazo. Muulize moja kwa moja: "Ungekuwa wewe, ungeipanga vipi kazi hii?" Utashangaa.

Sehemu ya pili ni mikono. Ninampa utaratibu ulioandikwa wenye hatua 12 wa kufunga pampu moja na kuwasha nyingine, kwenye mtambo wa mafunzo. Hatua ya 7 inataja valvu ambayo lebo yake halisi ina namba nyingine, na nimeifanya makusudi. Wapo wanaoendelea wakidhani ni kosa la uchapaji. Wapo wanaobahatisha. Ninamtaka anayesimama, anayeondoa mkono, na kusema: "Karatasi na mtambo havikubaliani, sigusi mpaka tuulize." Kwa miaka yote niliyotumia jaribio hili, limenionyesha zaidi kuliko cheti chochote.

Baada ya hapo ninaweka mchoro wa njia za umeme mezani. Umeme wa gridi umekatika, jenereta tatu zilitakiwa kuwaka, zimewaka mbili. Betri zina dakika chache. Ufanye nini kwanza? Hapa mafundi kutoka kwetu mara nyingi hung'ara. Gridi ya Nordiki ni imara kiasi kwamba fundi mwenyeji anaweza kufanya kazi miaka mingi akiona umeme ukikatika kwenye mazoezi tu. Fundi wa Nairobi, Kampala au Lubumbashi ameishi na jambo hilo. Anajua dizeli chafu inavyoziba chujio, anajua betri ya kuwashia ikifa inavyolia. Uzoefu huo hauna mahali pake kwenye fomu za maombi, kwa hiyo lazima uuulizie.

Sehemu ya tatu: akabidhi zamu. Dakika tatu, amweleze mwenzake aliyefika sasa hivi ni nini kilichotokea, nini bado, nini cha kutazama. Hapo unapima lugha kwa kazi halisi, bila mtihani wa sarufi.

Hatua ya 8: Upekuzi na marejeo

Baadhi ya vituo huhudumia serikali, na Uswidi kazi hizo zinaweza kuwa chini ya sheria ya ulinzi wa usalama wa taifa, ambayo hudai upekuzi rasmi. Mwambie mwombaji mapema kwamba utachukua muda na unaweza kumkatalia bila maelezo marefu.

Kwingine, jizuie. Ufini sheria hutaka habari za mwombaji zitoke kwake mwenyewe kwanza, na ukizitafuta kwingine upate ridhaa yake. Wasifu wa waliokosa kazi usiuache kwenye barua pepe miaka mitano. Piga simu kwa wadhamini wawili, mmoja awe aliyefanya naye zamu.

Hatua ya 9: Kibali kwa wa nje ya Ulaya

Wananchi wa Nordiki wamekuwa na soko moja la ajira tangu 1954, na wa Ulaya huingia kwa urahisi. Kwa Mkenya, Mtanzania au Mkongomani, kila nchi ina mlango wake.

Uswidi huangalia mshahara: tangu Novemba 2023 kiwango kiliwekwa asilimia 80 ya mshahara wa kati nchini, nacho hubadilika takwimu mpya zikitoka na serikali ikibadili kanuni. Tazama tovuti ya Migrationsverket, idara ya uhamiaji, siku unayoandika mkataba. Chama cha wafanyakazi hupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya masharti, kwa hiyo wapigie mapema badala ya kuwashtukiza. Ufini ina njia ya haraka ya siku 14 kwa wataalamu, lakini siku hizo hazina maana kama mwajiri anachelewa kujaza sehemu yake. Denmark ina mpango wa kiwango cha mshahara, uliokuwa kroni 514,000 kwa mwaka katika 2025, na orodha za fani zenye upungufu, mojawapo ikiwa ya mafundi wasio na shahada. Norwei idara ya uhamiaji, UDI, hutaka ahadi ya kazi mahususi, sifa za ufundi zinazolingana na kazi, na malipo yasiyo chini ya kawaida ya huko. Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu kutoka nje, hutolewa Uswidi na Ufini. Denmark, Norwei na Iceland hazimo.

Sasa nisikilize vizuri. Asilipe mwombaji hata shilingi moja ili apewe kazi. Uswidi sheria inakataza kumtoza anayetafuta kazi, na mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema vivyo hivyo. Nilishapokea simu ya kijana wa Mombasa aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yake akampa wakala fedha kwa "nafasi ya kituo cha data Sweden". Barua aliyokuwa nayo ilikuwa ya kughushi, na aliyeighushi hakujua hata mji aliouandika uko nchi gani. Nililia baada ya kukata simu. Ukifanya kazi na wakala wa nyumbani, andika kwenye mkataba kwamba gharama zote ni za mwajiri, na mwenyewe mpigie kila mwombaji umuulize: "Umetozwa chochote?" Muulize kwa Kiswahili, akiwa peke yake.

Hatua ya 10: Miezi sita ya kwanza

Uswidi, Norwei na Ufini kipindi cha majaribio huishia miezi 6. Kitumie kumjenga mtu.

Nyumba kwanza. Mtafutie kabla hajafika, maana bila anwani hapati namba ya utambulisho, bila namba hapati benki, bila benki mshahara wake unakwama. Pili, leseni ya udereva. Vituo viko mbali na mabasi, na Uswidi leseni ya Kenya au Tanzania hutumika mwaka mmoja tu tangu kusajiliwa kuwa mkaazi. Haibadilishwi, lazima afanye mtihani upya. Wengi hugundua hili mwezi wa 13, wakiwa na zamu za usiku na hawaruhusiwi tena kuendesha. Mwandikishe masomo mapema.

Tatu, giza. Luleå mwezi wa Desemba huwa na mwanga wa jua kwa muda wa saa tatu hivi kwa siku. Mtu mwenye zamu za mchana anaweza kupita wiki nzima bila kuliona jua. Mpe koti na viatu vya baridi vya kazi kama vifaa, usimkopeshe. Mwambie kuhusu vitamini D. Muulize anaendeleaje, kisha subiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza ni "nzuri" daima. Nne, mwenzi wake. Nimepoteza mafundi watatu, na wote waliondoka kwa sababu mke au mume alikuwa amekaa ndani mwaka mzima bila kazi wala lugha. Kozi ya Kiswidi kwa wahamiaji, SFI, ni bure. Mwandikishe mwenzi wiki ileile.

Kazini, mpe mwenzake mmoja wa kumfuata, awe mvumilivu zaidi ya wote hata kama si fundi hodari kuliko wote. Kabla hujamwacha na zamu ya usiku, mwambie azunguke jengo lote nawe, taa zikiwa zimepunguzwa, akuonyeshe kwa kidole: valvu hii hufunga nini, swichi hii huzima nani, mlango huu hufunguka vipi umeme ukikatika, simu ya nani hupigwa kwanza. Akikosea, mzunguke tena kesho. Akimaliza bila kosa, andika jina lake kwenye ubao wa zamu mbele yake, kwa kalamu ya wino.